Mfadhili Akifunga, Kazi Isifungwe



Mshasikia. Lile shirika dogo la wenzetu wa ng'ambo, lililosimama nasi miaka yote hii, linafunga. Hakuna aliyekula pesa. Wachangiaji wao wamezeeka, michango imepungua, wakaona heri wafunge kwa heshima kuliko kufunga wakidaiwa. Tuwashukuru. Walitupa kidogo, lakini hawakutuamrisha.

Sasa swali ni letu. Nauli ya kina mama wanaofuatilia kesi za watoto wao waliopotezwa, nani ataitoa?

Kumbuka Aprili 2015. Baada ya shambulizi la Garissa, serikali ilifunga akaunti za MUHURI na Haki Africa. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaja kuzifungua Novemba. Miezi yote ile pesa zilikuwepo na hazigusiki. Kilichobaki ni watu.

Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma pale Madina, akakifanya wakfu, watu wakateka maji bure. Sisi tuna nyumba, mashamba na maduka Pwani nzima. Je, ni wangapi wameweka wakfu kwa ajili ya kutetea haki?

Wewe unayesoma, huna duka? Toa shilingi 50 kila Ijumaa. Dai risiti. Dai hesabu isomwe mbele ya watu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tusingoje mlango mwingine ufungwe.

Wabillahi tawfiq.