Kompyuta Isiyo na Intaneti Pia Huhitaji Masasisho



Wengi husema, "Kompyuta yetu haina intaneti, virusi vitatoka wapi?" Vitatoka kwenye flashi, au kwa kompyuta jirani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kukizuia tangu Machi.

Zipo programu zinazopakua masasisho ya Windows kwenye kompyuta moja yenye intaneti, nanyi mkayabeba kwa flashi iliyokaguliwa virusi. Kabla ya kusakinisha, wekeni nakala ya rekodi zenu mahali pengine na mhakikishe umeme upo.

Likikwama, msifute kitu. Angalieni: nafasi kwenye diski inatosha? Tarehe na saa ni sahihi? Sasisho ni la toleo lenu la Windows, biti 32 au 64? Zimeni, washeni, mjaribu tena. Likikataa, andikeni namba ya hitilafu mtuletee.

Rekodi ya chanjo ikipotea, anayehangaika ni mama na mtoto wake.