Hotuba ya Jamhuri: Sura ya Maduka Yetu



Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Wapo walionung'unika, maana gharama ilikuwa yao. Lakini mji ulipendeza, hata wabishi walikiri.

Hapa Birmingham hatuna wa kutuamuru wala wa kutugharimia. Septemba 2023 halmashauri ya jiji ilitangaza kwamba fedha zake hazitoshi. Basi ndugu zangu wenye maduka Stratford Road, tuanze wenyewe. Vibao vimefifia. Milango ya chuma imechorwachorwa, ikishushwa mtaa mzima waonekana umehamwa. Kubadilisha mbele ya duka kwahitaji kibali; kupaka rangi upya, kwa kawaida, hapana. Nunueni rangi, vijana wetu watashika brashi.