Chasisi ya Mgeni, Bodi ya Mwenyeji: Gari za Mbao za Unguja



Naomba tuanzie Bungi, kwenye njia ya kusini, chini ya ile miembe mikongwe ambayo wazee husema ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Nilikuwa mtoto wa miaka saba, nimebanwa baina ya bibi yangu na kikapu chake, ndani ya gari ya mbao iliyokuwa ikitupeleka Makunduchi. Matawi yalikwaruza keria. Jua lilipenya kwenye nafasi za mbao likachora mistari juu ya magoti ya abiria wa upande wa pili, na kwa kuwa mabenchi yalitazamana, njia nzima niliwatazama watu wazima na wao wakanitazama. Utingo alipiga ubavu wa gari kwa kiganja: mara moja, dereva anasimama, mara mbili, anaondoka. Mlio ule wa kiganja juu ya ubao naujua mpaka leo kuliko nyimbo nyingi nilizofundishwa skuli.

Gari ile ilikuwa Bedford. Kwetu sisi Bedford lilikuwa jina la Kiingereza, na kweli malori yale yaliundwa Uingereza, Luton na baadaye Dunstable. Lakini mwenye mali alikuwa Mmarekani. General Motors ya Detroit iliinunua kampuni ya Vauxhall mwaka 1925, na mwaka 1931 ikaanza kutoa malori kwa jina la Bedford. Malori ya miaka ya 1950, yenye pua ya mviringo na mashavu yaliyofura, yalichukua sura ya Chevrolet za Marekani waziwazi. Aina ya J, iliyoanza mwaka 1958, ndiyo wengi wetu tunayoikumbuka kwenye barabara za shamba. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Wazanzibari nao wana mapenzi na magari ya zamani ya Kimarekani, humjibu kwamba tunayo, ila ya kwetu yalipitia Uingereza na yakamalizikia kwenye karakana za maseremala wa Unguja.

Kwa nini neno hilo, yalimalizikia? Kwa sababu lori lilifika bandarini likiwa nusu. Kiwandani walitia injini, usukani, magurudumu na chasisi, basi. Kila kilichokuwa nyuma ya mgongo wa dereva kiliachiwa mnunuzi. Huko Pakistani, Bedford hiyo hiyo ilivikwa taji la mbao na michoro ikawa fahari ya nchi nzima. Sisi tuliivika paa la mbao, kuta za kimo cha kifua, mabenchi mawili marefu, na turubai zilizokunjwa juu zikisubiri mvua ya masika.

Jambo hili la kumalizia kitu cha mgeni halikuwa geni kwetu. Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo akaja Unguja mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani na bara walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: marekani. Kililetwa kwa majora. Kanzu, kikoi au tanga la chombo, hayo aliyaamua mwenyeji mwenye mkasi. Chasisi nayo kwetu ilikuwa jora. Mgeni alileta urefu na nguvu, mkato ukawa wetu.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri na hapa ndipo vitabu vyetu vimenyamaza. Fundi niliyekaa naye sana alikuwa akipokea chasisi iliyoegemezwa kwenye magogo ili springi zisichoke kabla ya wakati. Kwanza alilaza maboriti mawili juu ya vyuma na kuyafunga kwa bolti zenye umbo la U, bila kutoboa chasisi, kwa kuwa chuma kilichotobolewa hupata ufa njiani. Juu yake akapanga mataruma, kisha nguzo, kisha paa. Viungo alivichonga kwa patasi, ulimi ukaingia kwenye tundu lake, na msumari ulikuja mwisho kama shahidi tu. Nilimuuliza kwa nini asipigilie misumari mingi akamaliza haraka. Akanionyesha barabara ya vumbi na mawe mbele ya karakana. Gari inayopita pale, akasema, hujinyonga kila hatua. Kiungo cha ulimi hucheza kisha hurudi, msumari hutanua tundu lake mpaka ukang'oka. Mainjinia wangetumia kurasa kumi kueleza alichokieleza kwa kidole.

Viungo hivyo mmeviona kwingine. Ni vya milango ya Mji Mkongwe, na ni jamaa wa viungo vya jahazi. Mkono uliofunga taruma la chombo ndio uliofunga sakafu ya gari ya Makunduchi.

Baadaye zikaja Isuzu na Toyota, na gari ndogo za mjini zikapata jina la daladala, neno lililovuka bahari kutoka Dar es Salaam, ambako sarafu ya shilingi tano iliitwa dala na ndiyo iliyokuwa nauli. Paa la mbao na mabenchi ya kutazamana vilihamia juu ya chasisi za Kijapani bila taabu. Zilipewa namba: 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege, 206 Chwaka, 116 Nungwi, 309 Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza ukanda wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, keria zile zile zilizobeba ndizi na madema zikabeba magunia ya mwani. Gari iliyojengwa nyumbani haikuhitaji kuomba ruhusa ya mtu ili ibadilishe mzigo.

Sasa gari hizi zinaondoka, na sababu kubwa imo kwenye chuma chenyewe. Chukueni Hiace. Sakafu yake, mbavu zake na paa lake vyote ni ganda moja la bati. Nguvu ya gari imo kwenye ganda hilo. Ukilikata ili uweke mbao, umeivunja gari. Seremala hana pa kuanzia. Gari ndogo za umeme zinazoundwa leo zimekwenda mbali zaidi: betri imelazwa chini, imekuwa sehemu ya sakafu, na mwenye kuifungua bila elimu anaweza kuuawa na umeme wake. Kule Marekani Ford ilitangaza mwaka 2018 kuacha karibu magari yake yote madogo ya abiria Amerika Kaskazini, ikabakisha Mustang. General Motors ilitangaza mwaka 2021 lengo la kuacha magari madogo ya mafuta ifikapo 2035. Ethiopia imezuia tangu mwaka 2024 kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. General Motors iliuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na mwaka 2017 ikauza hisa zake za kampuni ya Nairobi kwa Isuzu. Hiyo Detroit iliyotulea imeshaondoka, na kilio chetu hakitaikuta pale.

Wala sitaki tulie bila kipimo. Gari ya mbao ikipinduka haikuwa na huruma. Hakukuwa na mikanda, na wajawazito walipanda ngazi ya nyuma kwa kuvutwa mikono. Bibi yangu alishuka Makunduchi kila mara akishika kiuno.

Tena motokaa zenyewe ziliwahi kuua usafiri mwingine, yaani reli. Mwaka 1905 kampuni ya New York, Arnold, Cheney, ilikamilisha reli ya kutoka Forodhani hadi Bububu, na Ngome Kongwe ikawa na shughuli za reli hiyo. Serikali iliichukua mwaka 1911. Motokaa zilipoongezeka na barabara kutengenezwa, abiria waliihama, na mwaka 1922 gari la moshi likaacha kuchukua watu. Reli hiyo nayo ilikuwa ya Kimarekani! Leo imebaki hadithi kwamba Bububu ilipata jina kwa mlio wa treni, ilhali Emily Ruete, Sayyida Salme, alikwishaliandika jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Reli imetuachia hadithi isiyo sahihi na karibu hakuna kingine. Hakuna aliyekaa na watia makaa wake akaandika walichokijua.

Hofu yangu imo hapo. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulipotea baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa upya na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, waliouunda walilazimika kujifunza kutoka kwenye sanamu ndogo na picha, kwani walioshona walikuwa wamekwisha kufa. Na Beit al-Ajaib yenyewe sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na milango yetu imehesabiwa, imepigwa picha, imeandikiwa vitabu. Jambo jema. Lakini binamu wa mlango, yaani ile bodi iliyobeba wazazi wetu kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja na kurudi, haina hata daftari moja la vipimo.

Vipimo hivyo bado viko hai, vimo vichwani mwa mafundi waliokaa safu ya nyuma ya ukumbi huu. Naomba idara za uhandisi na historia za chuo hiki ziwafuate wakati bado wana nguvu ya kushika patasi. Na pana sababu ya mbele pia: malori ya mizigo ya umeme bado huundwa juu ya chasisi. Siku yatakaposhushwa bandarini Malindi, mwenye kujua kujenga juu ya chasisi bila kuitoboa atakuwa na kazi, mradi awe amefundishwa na mtu.

Mwezi uliopita nilimwendea fundi wangu na karatasi kubwa, penseli na rula. Nikamwomba anichoree bodi ya gari ya shamba, kamili. Aliitazama karatasi kwa heshima, akanirudishia. Akamtuma mjukuu wake alete chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akaanza kuchora kwa ukubwa wake wenyewe, mstari wa kwanza ukiwa ngazi ya nyuma. Nikamuuliza kwa nini haanzii mbele, kwa dereva. "Mbele walishamaliza wao," akasema. "Watu wanapandia huku." Mjukuu alishika ncha moja ya uzi, mimi nikashika nyingine, akaendelea.