Nani Anang'oa Vichwa vya Ndakala? Familia na Kalisiamu katika Niemba

Mwenzangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa yumo humu ukumbini, ameandika kwamba watoto wa Niemba, kwetu Kongo, wanakosa kalisiamu kwa sababu mbili: hakuna ng'ombe, na akina mama hawajafundishwa. Nimealikwa kusema juu ya chakula na familia kwa jumla. Mniwie radhi, sitafika mbali na sentensi hiyo.

Tuanze na ng'ombe. Hata wangejaa hadi mji wa Nyunzu, glasi ya maziwa ina kama miligramu 300 za kalisiamu, na watu wazima wengi wa upande wetu sukari ya maziwa inawavuruga tumbo. Kiganja cha ndakala kavu, wale samaki wadogo, zikiliwa nzima na mifupa yake, kinashindana na glasi hiyo bila shida. Ndakala zenyewe zinavuliwa Ziwa Tanganyika, zinashushwa Kalemie, na reli ya kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, inapita Niemba. Chakula kipo.

Sasa mnivumilie kwa utafiti ninaoupenda kuliko wote. Huko Jos, Nigeria, mtafiti Tom Thacher na wenzake waliwachukua watoto 123 wenye matege, wakawagawa: kundi moja kalisiamu, jingine vitamini D, la tatu vyote viwili. Matokeo yalichapishwa 1999. Waliopewa kalisiamu, peke yake au pamoja na vitamini, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini tu. Vitamini D mwili huipata kwa jua, na jua tunalo la kutosha. Kilichopungua kilikuwa sahanini. Baadaye Thacher akarudi na dawa ya bei rahisi zaidi: samaki waliosagwa. Samaki, jamani, si ng'ombe!

Mwenzangu atanijibu kwamba huko Jos hata watoto wasio na matege walikula kalisiamu kidogo, kama miligramu 200 kwa siku. Ni kweli. Na mtafiti Ann Prentice ameonyesha huko Gambia kwamba kuwapa vidonge vya kalisiamu akina mama wanaonyonyesha hakuongezi kalisiamu katika maziwa yao. Mwili una ujanja wake. Nakubali, kula kidogo si ugonjwa moja kwa moja.

Lakini hayo hayaigusi sababu ya pili ya mwenzangu, kwamba akina mama hawajafundishwa, ambayo ndiyo inayonikera. Mama afundishwe nini, na nani anamsikiliza? Ingieni jikoni Niemba saa za jioni. Nkambo, yaani bibi wa nyumba, amekaa na ungo wa ndakala, anang'oa kichwa kimoja kimoja kwa ukucha, kwa kuwa vichwa vinatia uchungu. Vichwa vinakwenda kwa bata. Mkwe anasonga bukari, yaani ugali, na hasemi neno. Atasemaje mbele ya mama mkwe? Mumewe anakula sahani yake pembeni. Kwa hiyo mfupa wa kichwa, na taya, na magamba ya mashavu, vinaliwa na bata, ambao nasikia mayai yao ni magumu sana kuvunjika.

Na si nkambo peke yake anayeamua; mshahara nao unaamua. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Mshahara ukitoka, ndakala zilifukuzwa nyumbani, akaja sangala mzima, samaki mkubwa. Watoto tulipewa minofu na mchuzi, mifupa ikatupwa, na tulijiona matajiri. Mfuko ukikauka, kalisiamu ilirudi. Hilo halimo katika bango lolote la kliniki, kwa maana mabango yanamchora mama na mtoto tu, kana kwamba wanaishi peke yao.

Kwa wajawazito nalegeza msimamo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalisiamu kwa siku pale chakula kinapopungukiwa kalisiamu, ili kuzuia kifafa cha mimba, na kiasi hicho hakitoki katika ungo wa mtu yeyote. Vidonge viletwe. Vigawanywe mara tatu kwa siku, pamoja na chakula. Ila anayepanga saa ya chakula ni yuleyule nkambo, na msichana akiambiwa naye kwamba kidonge kitamkuza mtoto tumboni hadi ashindwe kuzaa, hatakimeza, hata angefundishwa na daktari kwa Kifaransa kizuri namna gani.