Tayarisha Mwili Kabla ya Mafunzo ya Kuendesha Gari kwa Kasi

Leo tunazungumza nawe dereva ambaye umelipia siku moja au mbili za mafunzo ya kuendesha gari kwa kasi katika uwanja wa mashindano. Pengine unakwenda Kyalami, uwanja ulio kati ya Johannesburg na Pretoria huko Afrika Kusini, ambako mashindano ya Formula One yalifanyika mara ya mwisho mwaka 1993. Leseni iko mfukoni. Ikiwa unatumia gari lako mwenyewe, fundi amebadilisha pedi na mafuta ya breki. Je, na mwili wako umeutayarisha?

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Uwanjani utakwenda kwa kasi zaidi ya hiyo, na kona haimngoji aliyezubaa.

Tuanze na usingizi, kwa maana hapo ndipo wengi hujiharibia siku. Mtu huamka saa kumi alfajiri kuwahi ndege, hufika jioni, kisha hukaa na marafiki wakipiga hadithi hadi usiku wa manane. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kwa hivyo fika siku moja mapema, ulale usiku mzima.

Na pombe yenyewe? Ini huisafisha polepole. Kwa watu wengi chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua saa mbili au zaidi. Aliyekunywa chupa sita usiku huenda bado ana pombe mwilini saa tatu asubuhi, wakati mwalimu anapogawa helmeti. Kahawa kali au maji baridi hayaharakishi kazi hiyo hata kidogo. Iache bia hadi magari yazimwe.

Angalia pia dawa unazomeza. Piriton, ambayo wengi wetu hunywa kwa mafua au kujikuna, huleta usingizi. Muulize daktari au mwuza dawa kabla ya safari. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kila zamu. Ikiwa chini ya 5 asiguse usukani, ale kwanza, apime tena. Mwenye kifafa asiende bila idhini ya daktari wake. Mama mjamzito angoje ajifungue. Na mambo haya usimfiche mwalimu, kwani yeye ndiye ameketi kando yako.

Sasa chakula na maji. Ndani ya helmeti na nguo za mikono mirefu utatoka jasho jingi, hata asubuhi ikiwa ya baridi. Johannesburg iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi, na miezi ya Juni na Julai hewa yake ni kavu. Anayetoka Mombasa atauona mdomo ukikauka upesi. Anza kunywa maji tangu siku iliyotangulia, kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa ya kutosha. Asubuhi kunywa uji au ule mkate na yai, usishibe sana. Mwalimu akikuendesha ili akuonyeshe njia, tazama mbali mbele ya gari, la sivyo kichefuchefu kitakukamata. Anayeketi tu hutapika kuliko anayeshika usukani.

Vaa nguo za pamba. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli nyembamba, ili uhisi breki.

Helmeti ikukaze mashavuni bila kukuumiza kichwa, na ukiitikisa isizunguke peke yake. Ile ya bodaboda haikutengenezwa kwa ajili ya moto ndani ya gari. Uliza shule inataka ya aina gani. Ikiwa imewahi kugongwa kwa nguvu, usiinunue hata ukiuziwa bei ya kutupa. Kama unavaa miwani ya kuona mbali, jaribu helmeti ukiwa nayo.

Shingo ndiyo huchoka kwanza, maana kila kona huvuta kichwa pamoja na uzito wa helmeti. Dereva wa Marekani, Dale Earnhardt, alikufa Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Baada ya hapo kifaa cha kushikilia kichwa, kiitwacho HANS, kikawa lazima katika mashindano mengi makubwa. Lakini hicho hutumika pamoja na mikanda ya mashindano, si mkanda wa kawaida wa gari la nyumbani.

Ukiketi, mgongo na mabega yaguse kiti. Nyosha mkono: kifundo kifike juu ya usukani bila bega kuondoka kitini. Kanyaga breki hadi mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Shika usukani penye saa tatu na saa tisa. (Uhesabu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mikono itakuwa palepale!) Toa chupa, jeki na spana ndani ya gari. Chupa ikiviringika chini ya breki, hapana mwalimu atakayekuokoa.

Wengi hubana pumzi kwenye kona bila kujua, na vidole huuma kwa kushikilia. Pumua. Ukiona unachelewa kufunga breki mahali ambapo asubuhi ulipaweza, umechoka. Ingia kando upumzike. Raundi ya mwisho ya jioni, hiyo ya kusema "moja tu," mimi ningeiacha.

Gari likizimika uwanjani, kaa ndani umefunga mkanda ukingoje wenye bendera, isipokuwa kuna moto. Hapo hapo Kyalami, mwaka 1977, msaidizi wa uwanja alivuka barabara akibeba mtungi wa kuzimia moto. Aligongwa na gari la Tom Pryce, na mtungi ukampiga dereva kichwani. Wote wawili walikufa.

Jioni usikimbilie barabara kuu. Macho yaliyozoea kasi huona kilomita 80 kama mwendo wa mkokoteni. Pumzika nusu saa, unywe maji, kisha utazame spidi mara kwa mara njiani. Ukiwa na rafiki ambaye hakuendesha siku hiyo, mpe yeye funguo.