Nuru Itokayo Juu
Maneno ya katekista siku ya jubilei



Mlitazamia pengine niseme historia. Mimi nimeombwa kusema juu ya paa jipya, nami nafurahi, kwani giza la kanisa letu ni sehemu ya historia yake. Katika Misa ya pili wazee wetu wa mabenchi ya katikati hushika vitabu vya nyimbo wakaimba kwa moyo, maana herufi hawazioni. Nuru ya dirisha haifai zaidi ya mara mbili ya kimo chake toka sakafu. Madirisha yetu yanaishia mita 2; basi kila upande unapata mita 4, na nyumba ina upana wa mita 14. Ndiyo sababu tunawasha mashini mchana, na matoleo yetu yanageuka mazutu.

Wengine wanataka mabati yanayopitisha nuru yapangwe yote juu ya altare. Nia yao ni nzuri, lakini sikubaliani nayo. Sisi tuko karibu na ikweta. Adhuhuri jua litamwangukia Padri kichwani. Tena jicho likizoea mwanga mkali, penye nuru ndogo huona giza tupu. Wazee watazidi kukosa herufi.

Watasema: mbona Roma tundu moja linatosha? Kweli, Pantheon, iliyowekwa wakfu kuwa kanisa la Maria na Mashahidi mwaka 609, hupata nuru kwa tundu la kilele lenye upana wa karibu mita 9. Lakini tundu hilo liko juu mita 43, ndipo nuru ina nafasi ya kuenea. (Mvua nayo huingia, na sakafu ina matundu ya kuitoa. Sisi na masika yetu tusijaribu!) Kipaa chetu kina mita 6 tu. Kutoka nuru moja hata nyingine pasizidi mara moja na nusu ya kimo hicho, yaani mita 9.

Ulaya, penye mawingu mengi, huacha sehemu 10 hata 20 kwa mia. Kwetu 5 zatosha. Zikizidi, joto litatufukuza. Sakafu yetu ni mita za mraba 420. 5 kwa mia ni 21. Bati moja likifunika 1.8, tunahitaji mabati 12, hesabu ya Mitume, katika safu mbili za sita, kutoka mlangoni hata altare. Yawe ya rangi ya maziwa, si maangavu kama kioo, ili nuru itawanyike.

Mabati hayo huzeeka kwa jua, yakawa manjano na kuvunjika upesi. Mtu asiyakanyage kamwe. Chini yake tufunge wavu wa chuma, ao fundi ataanguka juu ya mabenchi. Yaoshwe kila mwaka kabla ya Pasaka kwa ufagio wa mpini mrefu. Na ngazi, Baba Paroko, naomba ikae sakristia, si nyumbani kwangu.