Marekani Iliyopitia Kalimoni: Mhadhara Kuhusu Hamu ya Miaka ya Themanini na Tisini

Katika Kiswahili cha Kenya nyimbo za gitaa za miaka ya sitini na sabini huitwa zilizopendwa, na Tanzania huitwa zilipendwa. Tofauti ni kirejeshi kimoja tu, lakini kote kuwili kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na aliyependa hatajwi. Heshima ya jina hilo haijapewa nyimbo, filamu na mavazi ya Marekani yaliyoingia Afrika Mashariki katika miongo miwili iliyofuata, ingawa watu wa makamo huyakumbuka kwa shauku ileile. Hayo huitwa tu mambo ya kitambo, au oldskul kwa Sheng, yaani msimbo wa vijana wa mijini unaochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za jamii mbalimbali. Mhadhara huu unaichunguza shauku hiyo jinsi inavyojitokeza katika Kalimoni na miji jirani ya Ruiru, Juja na Thika.

Hamu ya kurudi nyumbani ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1688, pale mwanafunzi wa tiba Johannes Hofer, katika tasnifu aliyoiwasilisha Basel, alipounganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, akaeleza ugonjwa wa Waswisi waliodhoofika kwa kuishi mbali na kwao. Baadaye dhana hiyo ilihama kutoka mahali hadi wakati. Mtafiti Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mada hii, aliigawa mara mbili: hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na hamu inayoridhika kuzunguka katika magofu yake ikitafakari. Mgawanyo huo unasaidia, ila katika zote mbili anayetamani amewahi kuwa na nyumba hiyo. Mkazi wa Kalimoni anayeikumbuka Marekani ya mwaka 1985 hakuwahi kukanyaga Marekani, wala hakuiona mwaka 1985, kwa sababu mengi yalimfikia baada ya miaka kadhaa. Ndiyo maana inadaiwa hapa kwamba hamu yake haihusu Marekani hata kidogo, bali inahusu njia ambayo Marekani ilipitia hadi ikamfikia, pamoja na watu aliokaa nao ilipofika.

Kalimoni ni wadi ya eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, nchi ya mashamba makubwa ya kahawa na katani ambayo mengi yamekatwakatwa kuwa viwanja. Si kwamba Mmarekani alikuwa mgeni huko: shamba la Juja lilikuwa la William Northrup McMillan, tajiri wa kutoka St. Louis, na mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani na kuja kuwinda. Ndoto zilikuwa zikisafiri kuelekea upande wa pili. Hata mwaka 1985, mwaka ambao watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa aina mpya iitwayo Ruiru 11, Hollywood ilitoa Out of Africa, filamu iliyopigwa Kenya na kupata tuzo 7 za Oscar mwaka uliofuata, ambayo kiini chake ni masikitiko ya mzungu aliyepoteza shamba la kahawa. Marekani ilikuwa inaililia Kenya ya walowezi wakati watoto wa wachuma kahawa walikuwa wanajifunza kuitamani Marekani.

Walijifunza kwa uhaba. Kwa miaka yote ya themanini Kenya ilikuwa na kituo kimoja cha televisheni, Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. KTN ilianza mwaka 1990 kama kituo cha kwanza kisicho cha serikali. Televisheni katika kijiji cha wafanyakazi wa shamba ilikuwa ya mmoja na watazamaji walikuwa wa nyumba zote. Pasipo umeme ilitumia betri ya gari iliyobebwa kupelekwa kuchajiwa sokoni, na betri ikiisha nguvu picha ilijikunja kutoka pembeni kuja katikati mpaka ikabaki ukanda mwembamba. Seti ndogo za Great Wall kutoka China, zilizoenea sana miaka ya tisini, hazikuonyesha rangi, kwa hiyo kila jezi nyekundu ya Chicago Bulls ilikuwa ya kijivu, na mtoto aliyetaka kujua rangi yake alisubiri kuiona kwenye mitumba. Jambo hili si dogo. Kumbukumbu ya wakati huo imejaa mambo ambayo Wamarekani wenyewe hawana: kelele za mvuto mbaya wa mawimbi, kijana aliyepanda juu kuzungusha erio, yaani antena, huku wenzake wakipiga kelele kutoka ndani, mwenye nyumba anayefukuza watoto wasionawa miguu, na wasichana walioitwa jikoni filamu ilipopamba moto. Hao wa mwisho hukumbuka mianzo ya hadithi bila miisho yake, na wanaoandika historia ya utazamaji nchini wangefanya vyema kuwauliza wao kwanza.

Hiyo iitwayo Marekani, zaidi ya hayo, ilikuwa na mchanganyiko mkubwa. Ukiwataka watu wa rika hilo wataje vipindi vya Marekani, watataja bila kusita Mind Your Language, ambacho ni cha Waingereza, na Derrick, mpelelezi wa Kijerumani. Vyote viliwekwa chini ya neno moja, majuu, ambalo halina mipaka wala ubalozi.

Wala haifai kusahau kwamba mwangaza wa jioni zile ulikuwa mali ya dola. Burudani ilisubiri taarifa ya habari, na taarifa ya habari ilianza na shughuli za Rais, katika nchi ambayo mwaka 1982 ilifanywa kisheria kuwa ya chama kimoja. Mapema zaidi, mwaka 1980, serikali ilikuwa imeagiza asilimia 75 ya muziki wa redio ya taifa uwe wa Kenya, agizo lililoachwa baada ya muda mfupi. Anayesema kwamba zamani nchi nzima ilitazama kitu kimoja anasema kweli, lakini haongezi kwamba haikuruhusiwa kutazama kingine.

Mahali ambapo hamu hii ina mizizi mirefu kuliko pote katika eneo hili ni kwenye muziki wa kantri, yaani nyimbo za gitaa za mashambani kusini mwa Marekani. Ulianza kuingia zamani: mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya wimbo wa Chemirocha, ambamo jina la mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, aliyekwisha kufa tangu 1933, lilikuwa limegeuka kuwa la kiumbe nusu mtu nusu paa. Katika Kiambu, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams hawakugeuka paa, waligeuka wazee wa kijiji. Mpiga mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya gari moshi ambalo sasa ni jina la onyesho la mtu mmoja na gitaa lake huku wachezaji wakishikana kama mabehewa, aghalabu huvaa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Texas, na anaweza kutoka katika wimbo wa mwimbaji wa Kikuyu Joseph Kamaru akaingia katika wa Kenny Rogers bila kusimamisha vidole, wala mabehewa hayakatiki. Maelezo ya kawaida ni kwamba mdundo unafanana. Ni kweli, lakini hayatoshi. Nyimbo hizo zinahusu mama aliyeachwa, pombe, deni na shamba lililopotea, na katika Kiambu shamba lililopotea si tamathali. Tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, miti ya kahawa imezidi kung'olewa kupisha nyumba za kupangisha, na baadhi ya baa ambamo nyimbo hizi huimbwa Ijumaa usiku zimesimama palepale ilipokuwa mistari ya kahawa. Mwanamume anayefumba macho akiimba juu ya Tennessee ana kipande cha ardhi mahususi akilini, pengine anajua hata nambari yake na aliyekinunua.

Vijana walishika njia nyingine, ya barabarani. Matatu za miaka ya tisini, zilizoitwa manyanga, zilichorwa sura za wanamuziki wa rap, na kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zikafuta michoro hiyo, ambayo imerudi baadaye kwenye magari yaitwayo nganya. Tupac Shakur aliuawa mwaka 1996, na wengi wanaomtazama leo kwenye ubavu wa gari la njia ya Thika, nambari 237, hawakuwa wamezaliwa. Yao ni hamu ya kurithi, kama jina la babu.

Kwenye vibanda vya vidio, hatimaye, ndiko Marekani ilikofinyangwa kwa uhuru zaidi. Neno la Kiingereza linalotangulia jina la mwigizaji mkuu mwanzoni mwa filamu liligeuka kuwa cheo: steringi, mtu asiyekufa. Tanzania ilikwenda mbali zaidi, ikaupa mfuko mwepesi wa plastiki jina la shujaa wa filamu, rambo, na hilo likadumu hadi mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Kisha wakaja wasimulizi, Lufufu Dar es Salaam na DJ Afro Kenya, waliozungumza juu ya sauti za waigizaji, wakawapa majina mapya, wakawatania, na panapohitajika wakasahihisha hadithi. Aliyeijua filamu ya Schwarzenegger kwa sauti ya DJ Afro, akaja kuipata baadaye ikiwa kama ilivyotoka Hollywood, husikia shujaa akinong'ona Kiingereza cha mkato katika chumba ambacho hakuna anayecheka, na huona kama kwamba nakala hiyo ndiyo iliyoharibiwa.